Kwa Habari ya Shule za Kata Upande wa Kibakwe

Kwa muda mrefu twasikia maneno yasiyopatana kwa habari ya shule za sekondari za kata katika Wilaya ya Mpwapwa, na hasa upande wa Kibakwe. Mzazi aisifu shule, mwanawe ainung'unikia. Na jirani yao, mwenye mtoto katika darasa lilo hilo, asema kinyume cha wote wawili. Baadhi yetu watumishi tumekwisha kukata hukumu, ya kuwa wazazi hawajui elimu ni nini na wanafunzi wa siku hizi ni wavivu. Hukumu hiyo hatuikubali hata kidogo. Twaona kwamba wote wasema kweli, ila kila mmoja apima kwa kibaba chake.

Mzazi akumbuka siku ambazo kijana wa vijiji hivi, akimaliza darasa la saba, alirudi kwenye jembe na ng'ombe, isipokuwa wale wachache mno waliochaguliwa wakapelekwa mbali. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, na muda si muda watu wa kila kata wakatakiwa kujenga. Watu walifyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga, na wanawake wakateka maji ya ujenzi. Mwaka 2005 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Ilipofika mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Kisha mwezi wa Januari mwaka 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa ikaondolewa. Basi mtu aliyebeba mawe kwa mabega yake, akimwona binti yake amevaa sare ya sekondari, atawezaje kuilaumu shule? Kwake yeye mlango umefunguliwa, na si haba.

Mwanafunzi hakuzijua siku hizo. Aliukuta mlango u wazi, naye apima yaliyomo ndani. Na la kwanza alikutalo ni lugha. Nyumbani asema Kigogo. Shule ya msingi alifundishwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba. Mara, aingiapo kidato cha kwanza, hesabu na elimu ya viumbe vyageuka Kiingereza. Twajua wote lifanyikalo. Mwalimu aeleza kwa Kiingereza, aona nyuso zimekauka, arudi kwenye Kiswahili kama mtu anayefanya magendo. Lakini mtihani wa taifa haushiriki katika magendo hayo. Mtoto aliyekuwa hodari wa kujibu awa bubu, anakili maneno ya ubaoni kama achoraye picha. Mwaka 2014 sera ya elimu ilisema Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Toleo la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza palepale katika sekondari. Na hapa ndipo mzazi na mwanawe waachanapo kabisa, kwa kuwa wazazi wengi ndio wakitakao Kiingereza, nao wakiona kuwa ufunguo wa kazi. Sisi twasema Kiingereza kifundishwe sana, tena na walimu wakijuao. Lakini kumfundisha mtoto hesabu kwa lugha asiyoisikia si kumpa ufunguo, ni kumwongezea kufuli.

Jambo la pili ni la tumbo, na wenye ofisi hulisahau. Katika uwanda huu wa kati mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hata Aprili. Mwaka wa shule hufunguliwa Januari, wakati ghala za wengi zimepungua, palizi inaita, na makorongo yaweza kujaa maji asubuhi moja yakamzuia mtoto njiani. Ada imeondoka, lakini sare, madaftari na viatu havikuondoka. Mwanafunzi atembeaye kilomita nyingi bila chakula, akasinzia saa nane mchana, tukamwita mvivu, huko ni kumdhulumu.

Wengine, kwa kuwa kwao ni mbali, hupangishiwa vyumba karibu na shule, ndivyo vijana wenyewe waviitavyo geto. Binti wa miaka kumi na minne ajipikia, ajilinda, na hana mtu mzima wa kumwuliza umerudi saa ngapi. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya kupata mtoto ameruhusiwa kurudi shuleni, nasi tulifurahi. Lakini ruhusa ya kurudi haichukui mahali pa kitanda katika bweni. Wazazi wanaolalamika juu ya vyumba hivi wana haki, na kama tungekuwa na neno moja tu la kuiambia Halmashauri, lingekuwa hilo la mabweni.

Wako watakaotujibu kwa matokeo. Ni kweli, mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulitutia aibu, zaidi ya nusu wakapata sifuri. Na katika ule wa mwaka 2024 waliofaulu walifika asilimia 92. Lakini zaidi ya nusu ya hao waliofaulu wamo katika daraja la nne, ambalo mwenye nalo ajua jinsi linavyopokewa mlangoni pa ofisi.

Sasa twageukia kwetu wenyewe. Mkulima wa Kibakwe hasomi takwimu. Hutazama mtoto wa afisa asoma wapi. Akiona mtendaji, mganga na hata mwalimu mwenyewe wamepeleka watoto wao mjini, katika shule za kulipia zenye Kiingereza tangu chekechea, huwa amekwisha kupata jibu, nasi tukimhimiza katika mikutano atusikiliza kwa adabu tu. Hatusemi mtumishi alazimishwe. Uhamisho ni mwingi, na kila mzazi amtafutia mwanawe heri. Lakini mwenye kumwondoa mtoto wake hakuondoa mtoto peke yake. Ameondoa katika kikao cha wazazi mtu ajuaye kusoma hesabu za fedha na asiyeogopa kumwuliza mkuu wa shule neno.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu walioko katika kata hizi, wenye watoto pale na wasio nao, wahudhurie vikao vya wazazi mwaka huu, waketi katika benchi la nyuma pamoja na watu wengine. Waulize ruzuku ya Serikali iliyoingia ni kiasi gani, na imebandikwa wapi. Waulize walimu wa hesabu na fizikia ni wangapi. Waulize wasichana wa mbali hulala wapi, na chakula cha mchana kimefikia wapi. Kisha wawaache wanafunzi wawili watatu waseme, nao wasiwakatize.