MASHAURI YA NYUMBANI: Mashine Kuukuu Isile Chakula cha Watoto



Labda nyumbani kwako, chumbani kwa kijana wako, mna kisanduku cha chuma kinachovuma usiku kucha kama nyuki mzingani. Umeambiwa kwamba chachimba bitcoin. Nawe waona jambo moja tu: umeme ulionunua Jumatatu umekwisha kabla ya Ijumaa. Usigombe na mtu. Kaa kitako, mwite kijana, lete kalamu na daftari, tuhesabu pamoja. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tutwae mfano wa mashine iitwayo Antminer S9, iliyotoka mwaka 2016. Ndani yake mna bodi tatu, na kila bodi ina chipu 63. Ikienda kwa mwendo wa kiwandani hupiga hesabu trilioni 13 na nusu kila sekunde, nayo hula wati 1,350 hivi. Kwa kuwa hailali, kwa siku moja hula uniti 32 na zaidi.

Je, yawezekana kuipunguzia ulaji? Naam, yawezekana sana. Ulaji wa chipu wategemea mambo mawili: mwendo wake, na volti zinazoisukuma. Ukipunguza mwendo, ulaji hupungua kwa kadiri ile ile. Lakini ukipunguza volti, ulaji hupungua zaidi, maana huhesabiwa volti mara volti. Tena chipu iendayo polepole haihitaji volti nyingi. Ni kama mtu apandaye mlima na mzigo kichwani: akikimbia atatoka jasho kuliko akitembea, ingawa mzigo ni ule ule.

Basi, punguza mwendo kwa robo, na volti kwa sehemu kumi katika mia. Kazi itashuka kutoka 100 hadi 75. Ulaji utashuka hadi 61 hivi. Mashine yetu sasa yala kama wati 820, yaani uniti 20 hivi kwa siku, nayo yapiga hesabu trilioni 10 kwa sekunde. Umepoteza robo ya kazi, lakini umeokoa karibu uniti 12 kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti 360. Hizo si chache kwa nyumba yo yote.

Sasa shika mashauri haya:

Kwanza, pima. Nunua kipima wati kidogo cha kuchomeka ukutani. Usiamini yale yaandikwayo na mashine yenyewe, amini kipimo. Andika wati na kazi kabla ya kugusa kitu.

Pili, safisha. Zima mashine, chomoa waya, puliza vumbi kwa hewa kavu, ukiyashika mapanga ya feni yasizunguke. Chipu yenye joto hupoteza umeme zaidi.

Tatu, punguza kidogo kidogo. Shusha mwendo kwanza, kisha volti, na kila hatua iache ifanye kazi siku nzima. Makosa yakizidi, rudisha volti kidogo. Ikiwa programu ya kiwandani haikuruhusu, zipo nyingine ziwezazo. Lakini chukua kwa mtengenezaji ajulikanaye tu, kwa maana wako wezi watiao programu inayopeleka mapato yako katika mfuko wao.

Nne, tazama feni. Mashine ikipoa, feni nazo zaweza kwenda polepole. Feni izungukayo nusu ya mwendo hula kama sehemu moja tu katika nane ya umeme wake wa kwanza, na watoto watalala.

Tano, angalia nyaya. Mzigo huu haupumziki usiku wala mchana. Usiuchomeke katika waya mwembamba wa kuunganisha pamoja na pasi na friji. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zima mara moja, uite fundi.

Ukifanya hayo yote umefanya vizuri. Lakini sitakuficha neno la mwisho, ndilo kubwa. Tangu Aprili 2024, ulimwengu mzima wagawana bitcoin mpya 450 hivi tu kwa siku. Mwaka 2025 nguvu ya wachimbaji wote ilipita hesabu trilioni milioni 800 kwa sekunde. Wewe una trilioni 10: sehemu moja katika milioni 80. Hata bitcoin moja ikiuzwa dola 100,000, fungu lako kwa siku ni senti 56 za Marekani. Gawanya kwa uniti 20. Ili usipate hasara, uniti moja isizidi senti 2.8. Umeme wa nyumbani Dar es Salaam na Nairobi ni ghali kuliko hivyo. Na mashine mpya ya mwaka 2023, Antminer S21, hufanya kazi ile ile kwa chini ya robo ya umeme wako.

Basi mashine kuukuu yamfaa nani? Yamfaa mwenye umeme wa jua uliobaki baada ya betri kujaa, ambao ungepotea bure. Yamfaa pia ndugu yetu aishiye Ulaya au Marekani ya Kaskazini, ambaye wakati wa baridi hununua umeme wa kupashia chumba joto. Kila wati iingiayo katika mashine hutoka kama joto, sawasawa na hita. Kwake yeye zile senti 56 ni nyongeza.

Wewe mwingine, fanya hesabu hii jioni ya leo, kwa bei ya bitcoin ya leo na bei ya uniti unayolipa. Mwache kijana mwenyewe aandike. Ikiwa daftari lasema hasara, izime, uiuze ingali nzima. Kijana hajapoteza yote: amejifunza volti, wati na kuweka hesabu, na elimu hiyo haili umeme.

Kwaherini hadi juma lijalo.