BARUA KUTOKA MAJUU: Nati kwenye kashata

Mimi huku kwa Malkia nadunda, ingawa hilo jina la kwa Malkia itabidi tuliache, maana tangu 2022 aliyekalia kiti ni mfalme. Mji wangu ni Leicester. Unasomwa Lesta, herufi zilizobaki usiniulize zinafanya kazi gani.

Leo nazungumzia vitafunio vya pakiti. Usicheke, ndiyo chakula cha mbeba boksi. Kwenye ghala ninakofanya kazi mapumziko ni dakika 20, na kwa dakika 20 ugali husongi. Kwa hiyo ni mkate, pakiti ya krispi na soda. Wenyeji wengine huzipachika krispi humo humo katikati ya mkate uliopakwa siagi, wanabana, wanang'ata. Mara ya kwanza nilidhani jamaa kachanganyikiwa. Siku hizi hata mimi nabana.

Na krispi nimezifuata kwao hasa. Walkers walianzia hapa hapa Leicester. Henry Walker alikuwa mwenye bucha. Baada ya vita vya pili vya dunia nyama ilikuwa ya mgao, bucha likakosa cha kuuza, ndipo 1948 wakaanza kukaanga viazi. Sasa ladha ni nyingi mpaka unapotea. Mimi mtoto wa pwani nikavamia pakiti ya pinki iliyoandikwa Prawn Cocktail. Prawn si ndiyo kamba? Nikasema leo ni leo. Basi bwana, nimetafuna mpaka chini ya pakiti, kamba sikumwona wala harufu yake. Ni utamu na uchachu tu, kama tomato sosi iliyokutana na siki. Nyuma wameandika kabisa kwamba hata wasiogusa nyama wala samaki ruksa kula.

Siku hiyo nilicheka. Siku ya peremende sikucheka. Zilikuwa zile laini za kuvutika, za rangi rangi, nimeshamaliza nusu ya mfuko ndipo nikaugeuza. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: gelatini ya nguruwe. Jamani, mimi ni mtoto wa madrasa, Temeke! Gelatini ni kama gundi, inachemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, ndiyo inayoifanya peremende ivutike. Hakuna aliyenidanganya, limeandikwa, mvivu wa kusoma ni mimi. Nilisukutua mdomo mara sita. Toka siku ile nikawa msomaji wa pakiti kuliko nilivyokuwa msomaji wa vitabu shuleni.

Sasa njoo kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita niliona haya kula vya wenzangu kila siku. Wanapitisha pakiti, natia mkono, natafuna, mimi sina cha kupitisha. Nikaamua kutengeneza kashata za karanga, ujuzi wa mama, ambaye kashata zake ndizo zilizonisomesha hadi Form Four. Nikaenda Belgrave Road, mtaa wa Wahindi, kutafuta karanga na hiliki. Wazee wengi wa pale walitoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya Leicester ilitoa hadi tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije huku, na wao wakaja. Dukani nikaona pakiti imeandikwa MOGO. Nikaisoma kwa sauti, mogo, mogo... mhogo! Watu walihama na neno lao. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Karanga nikazitwanga laini kama anavyofanya mama, nikayeyusha sukari, nikamwaga kwenye sinia, nikakata. Kesho yake kopo langu likazunguka meza nzima. Kuna dada mmoja tunafunga naye mizigo, mtu mpole sana. Akachukua kipande, akaniuliza: "Any nuts?"

Msomaji, shuleni nilifundishwa kwamba karanga ni groundnuts. Nuts ninazozijua mimi ni nati, zile zinazokwenda na bolti. Nikaona dada ananitania kwamba kashata zangu ngumu kama chuma. Nikacheka, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuombea maji: hakuna, hakuna hata moja.

Kipande kilifika mdomoni. Akasita. Harufu. Akakitupa kama kaa la moto, akakimbilia sinki kunawa. Aliporudi alikuwa anatetemeka. Akafungua mkoba, akanionyesha sindano iliyotengenezwa kama kalamu, ya kujichoma pajani. Anatembea nayo kila aendako. Karanga ikimwingia, koo linavimba, pumzi inakata. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Usiku ule sikulala. Nikasoma habari za Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 aliyefariki 2016 baada ya kula mkate ulionunuliwa uwanja wa ndege. Ndani ya unga mlikuwa na ufuta na pakiti haikusema. Kwa ajili yake ikatungwa sheria, ikaanza kazi Oktoba 2021: chakula kinachofungwa pale pale kinapouzwa lazima kiandikwe vyote vilivyomo. Kuna vitu 14 ambavyo kwenye orodha lazima vionekane wazi kuliko vingine. Karanga imo. Korosho na lozi nazo zimo, kwenye fungu lao.

Mama anafunga kashata kwa kipande cha gazeti, labda hata hili unalosoma. Miaka yote hakuna mteja aliyemuuliza kilichomo, kwa sababu Temeke nzima inajua kashata ni nini. Na mimi nilikuja na Temeke yangu kichwani mpaka ghalani.

Juzi nimepeleka nyingine. Juu ya kopo nimebandika plasta, nimeandika kwa lugha zote mbili: KARANGA, SUKARI, HILIKI. Nimeliweka meza ya mbali kabisa, na kila anayekula namwonyesha bomba la kunawia. Dada akapita, akalisoma akiwa mbali, akasogeza kiti chake, kisha akanirushia pakiti ya Prawn Cocktail. Nikaigeuza nyuma kwanza.