Kumdai Asiyedaiwa

SAFU YA JUMAPILI
Na Rehema Mwakyoma

Warren Farrell si mtu aliyeanza kwa kugombana na wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mjumbe wa bodi ya tawi la New York la NOW, chama kikubwa cha kutetea haki za wanawake Marekani. Miaka ikapita, akahama kambi, na mwaka 1993 akatoa The Myth of Male Power, kitabu kinachodai kwamba mamlaka ya mwanamume ni hadithi tu, maana anayepelekwa vitani na anayefukiwa mgodini ni yeye. Novemba 2012 alipokwenda kuzungumza Chuo Kikuu cha Toronto, waandamanaji waliziba milango mpaka polisi wakaingilia kati.

Hesabu zake za msingi ni za kweli. Huko Marekani, katika kila watu kumi wanaokufa kwa ajali za kazini, zaidi ya tisa ni wanaume. Wanaojiua nao, wanaume ni karibu mara nne ya wanawake. Kuzibeza takwimu hizo kwa kuwa zimetoka kinywani mwa Farrell ni utovu wa utu. Ila takwimu haisemi nani kasababisha. Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch, West Virginia, ulilipuka ukaua watu 29, wanaume watupu. Wachunguzi walikuta vumbi la makaa limeachwa lirundikane na hewa haipiti inavyopaswa. Mwaka 2015 mkuu wa zamani wa kampuni iliyomiliki mgodi huo, Don Blankenship, alitiwa hatiani kwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama migodini, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Naye mwanamume! Mamlaka ya wanaume basi si hadithi. Yapo, ila mchimbaji hana fungu ndani yake.

Farrell aliwaona waliofukiwa, kisha deni lao akaenda kulidai kwingine. Katika kitabu hichohicho aliandika kwamba mwanamke anayesema hapana kwa mdomo ilhali mwili unasema ndiyo naye anafanya aina ya ulaghai. Watetezi wake wanasema maneno hayo hunyofolewa, kwamba alitaka vijana waambizane ukweli. Tuwakubalie. Mwenye nia hiyo angemwambia kijana: ukisikia hapana, koma; ukiwa na shaka, uliza. Yeye alilitia shaka neno lililo wazi kuliko yote, na sijui mchimbaji wa West Virginia alipata nafuu gani hapo.

Waandamanaji nao, kwa hasira niielewayo, walikosea mbinu. Mhadhara ulifanyika hata hivyo, na huenda yule ambaye angesimama kumuuliza ni nani aliyewaacha wale 29 kwenye vumbi alikuwa nje, akisukumana na polisi.