Afrika Kusini: Mawe yanayopokea wote, ukuta unaochagua majina

Mnamo Septemba 27, 2024, mabaki ya wapigania uhuru 42 wa Afrika Kusini waliofia uhamishoni nchini Zambia na Zimbabwe yalipokelewa rasmi katika bustani ya kumbukumbu ya Freedom Park, mjini Pretoria. Miongoni mwao walikuwamo Duma Nokwe, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa chama cha ANC, na Basil February, mpiganaji wa Umkhonto we Sizwe aliyeuawa Rhodesia mwaka 1967. Hafla hiyo iliongozwa na Rais Cyril Ramaphosa.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Freedom Park, iliyojengwa juu ya kilima cha Salvokop, inatokana na pendekezo la Tume ya Ukweli na Maridhiano kwamba waathirika wa ukandamizaji wafidiwe si kwa fedha pekee, bali pia kwa kumbukumbu za umma. Badala ya kusimamisha sanamu ya shujaa mmoja, waliobuni bustani hiyo waliigeukia mila.

Jiwe la msafiri

Kitovu chake kinaitwa Isivivane. Kwa Wazulu na jamii nyingine za kusini mwa Afrika, hilo ni rundo la mawe kando ya njia, ambapo kila apitaye huongeza jiwe lake na kuomba safari njema. Katika Freedom Park majabali 11 yamepangwa kwa duara: tisa kutoka majimbo tisa ya nchi, moja la serikali ya kitaifa na moja la jumuiya ya kimataifa. Mgeni huvua viatu kabla ya kuingia na hunawa mikono anapotoka, kama wafanyavyo watu watokapo mazikoni. Pameoteshwa pia miti ya umlahlankosi, ambayo tawi lake, kwa desturi ya Wazulu, hutumiwa na familia kuirejesha nyumbani roho ya ndugu aliyefia mbali.

Rundo la mawe halina orodha. Halimuulizi msafiri ukoo wake, wala upande aliopigania.

Mzozo wa ukuta

Hatua chache kutoka hapo mambo ni tofauti. Ukuta wa Majina, wenye urefu wa mita 697, unawataja waliokufa tangu vita vya kupinga ukoloni hadi mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wamo wanajeshi wa Cuba zaidi ya 2,000 waliofia Angola. Hawamo wanajeshi wa jeshi la utawala wa ubaguzi waliopigana nao, wengi wao wakiwa vijana walioandikishwa kwa lazima. Mwaka 2009 waliokataliwa walijengewa ukuta wao katika Mnara wa Voortrekker, kwenye kilima cha jirani. Barabara ya kuviunganisha vilima hivyo viwili ilifunguliwa Desemba 16, 2011, Siku ya Maridhiano, lakini kila upande umebaki na orodha yake.

Wanaoutetea uamuzi huo wanauliza kwa haki: je, jina la aliyeulinda utawala dhalimu liandikwe sambamba na la aliyeuawa akiupinga? Hata hivyo mila iliyoazimwa kwa ajili ya bustani hiyo haikuwa ya kuwatuza mashujaa. Ilikuwa ya kuwapumzisha wafu ili walio hai waendelee na safari.

Wala tambiko halichukui nafasi ya sheria. Mwaka 2025, baada ya familia na manusura 25 kwenda mahakamani wakilalamikia kesi za enzi ya ubaguzi ambazo hazikufuatiliwa, Ramaphosa aliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Sisi Khampepe. Kwa familia hizo, uponyaji usiomtaja muuaji ni nusu ya uponyaji.

Suala hili linaigusa Tanzania pia. ANC iliweka makao yake Morogoro, na huko Mazimbu, ilipokuwa shule ya Solomon Mahlangu na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yapo makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni. Mapokezi ya mwaka 2024 yalihusu mabaki kutoka nchi mbili tu. Waliolala Mazimbu hawakuwamo.