Jiko linunuliwe na anayepika

Ndugu zangu, wiki mbili sasa nyumbani kwangu hapa Sombetini hakuna mjadala wa siasa wala wa Simba na Yanga. Mjadala ni jiko.

Jiko letu la zamani la gesi, lile la plate mbili lenye uso wa kioo, lilikufa kifo cha aibu. Tulikuwa na wageni kutoka Poli, watu saba mezani. Mke wangu akawa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Anasonga, jiko linateleza. Anasonga, jiko linateleza. Mara paaa! Kioo kikapasuka katikati. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na ugali tukauokoa. Lakini jiko likawa limekwisha.

Basi mimi, mwanaume wa nyumba, nikatangaza kwamba jiko jipya nitalileta mimi. Nikapanda kifodi hadi mjini, nikazunguka madukani kuanzia asubuhi. Nikarudi na picha kwenye simu. Jiko la kusimama! Plate nne, tatu za gesi na moja ya umeme. Chini oveni, ndani ya oveni taa, na kijiti cha kuzungushia kuku. Nilishaanza kumuona huyo kuku akizunguka na mafuta yakimdondoka.

Mke wangu akaiangalia ile picha, akanirudishia simu. "Baba, wewe mara ya mwisho kupika ni lini?"

Nilikosa jibu. Kibaya zaidi ni kwamba mimi ndiye mwandishi wa habari. Nimehudhuria semina za nishati safi nisizozikumbuka idadi, nikanywa soda zao na kula korosho zao, nikaandika walichosema wakubwa. Sikuwahi kumuuliza mtu anayelala mita moja kutoka kwangu anapika na nini, kwa nini, na kinamsumbua nini.

Majiko ya nchi hii, kuanzia nyumbani kwangu mpaka serikalini, huchaguliwa na watu wasiopika. Naamini hivyo.

Chukueni mifano. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Marufuku ikadumu wiki chache tu, ikaondolewa, kwa sababu aliyeiandika hakuwa amejiuliza jioni ile watu watapikia nini. Tukaja Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu jambo hilohilo kwa Afrika. Mimi lengo hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Tena nina sababu.

Sababu yenyewe ni jirani yangu wa chumba cha tatu. Wanaoijua Arusha wanaijua baridi ya Julai, ile ya ukungu unaoshuka kutoka Meru na haupandi mpaka saa sita mchana. Usiku mmoja alimaliza kupika, akaliingiza jiko la mkaa ndani ili mtoto apate joto. Akafunga dirisha. Mkaa ukishawaka vizuri hautoi moshi, ndiyo maana watu wanauamini. Lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hajui chochote. Tulisikia mtoto analia kwa sauti ya ajabu, tukagonga, tukavunja kitasa. Mama alikuwa anatambaa sakafuni, hajielewi. Walipona wote wawili. Yule mama hajawahi kulizungumzia tukio lile tena, na jiko lake la mkaa analo mpaka leo.

Analo kwa nini? Si ujinga. Anauza mboga pale Mbauda. Pesa yake inakuja jioni, kidogo. Kwa pesa hiyo ananunua mkaa wa kopo moja, unga kilo moja, mafuta ya kupima. Kesho tena. Mtungi wa gesi wa kilo 6 haujazwi kwa kopo. Unataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na kwake hiyo ndiyo mtaji wa biashara. Mtungi anao! Aligawiwa kwenye mkutano, wenye picha ya kiongozi. Ameuwekea kitambaa cha kufuma, juu ameweka redio.

Tunagawa mitungi kwa mtu ambaye tatizo lake si mtungi. Ingekuwa yupo mpikaji mmoja kwenye kile kikao cha kupanga, angelisema hilo dakika ya kwanza.

Halafu kuna kitu nakisikia kila siku kwenye kifodi: "gesi ni yetu, inatoka Mtwara, kwa nini iwe ghali?" Jamani, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay siyo hii ya mtungi. Ile inapita kwenye bomba, inazalisha umeme, inaendesha viwanda, na nyumba kadhaa za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa nayo. Hii ya mitungi inakuja na meli kutoka nje, inalipiwa dola. Dola ikipanda, mtungi wa Sombetini unapanda. Wakubwa wangetueleza hivyo waziwazi, tungepunguza kugombana na wenye maduka.

Turudi kwenye jiko langu.

Mke wangu alikaa chini akaniorodheshea vitu tunavyopika kwa wiki. Ugali karibu kila siku. Maharage mara tatu. Makande. Loshoro, maana mama yangu akija bila loshoro anasema hajala. Ndizi na nyama Jumapili. Chai asubuhi na jioni. Wali. Chapati siku mtu akiwa na nguvu. Keki? Moja, siku ya kuzaliwa ya mtoto, na iliagizwa.

Sasa niambie, ile oveni ni ya nani? Oveni ya umeme inakula wati elfu mbili hivi. Kwa anayeoka mikate na keki za kuuza, hiyo ni mashine ya kazi, anunue haraka. Kwangu ingekuwa kabati la kuhifadhia masufuria, na masufuria hayahitaji kabati lenye taa.

Mzigo wa nyumba yetu ni vitu vigumu: mahindi na maharage. Na hapa kuna jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kusoma fizikia. Arusha ipo juu, kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukipanda kila mita mia tatu, maji yanachemka kwenye joto lililopungua kama nyuzi moja. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa kwetu ni kama 95. Nyuzi tano unaweza kuzidharau, lakini maharage hayazidharau. Ndiyo maana shemeji yangu wa Dar akija huku analalamika kwamba maharage ya Arusha ni sugu. Maharage ni yaleyale, kilichopungua ni joto la maji. Ukiongeza moto haisaidii, unayageuza maji kuwa mvuke tu.

Dawa yake ni kubana mvuke. Sufuria la presha likifungwa, maji yanapita nyuzi 110, na mlima hauna usemi tena. Yapo ya kuweka juu ya gesi na yapo ya umeme yanayojiendesha yenyewe. Ya umeme mengi ni wati elfu moja, maana yake yangewaka saa nzima bila kupumzika yangekula uniti moja. Lakini hayawaki saa nzima. Presha ikijaa yanajizima, yanajiwasha kidogo, yanajizima. Chungu kimefungwa, joto haliendi kokote. Sisi tulijaribu la kuazima kwa maharage ya nusu kilo yaliyolowekwa, nikasimama kwenye LUKU kama mlinzi. Hata nusu uniti halikumaliza. Mkaa wa kazi hiyohiyo ungekuwa makopo mawili na mchana mzima wa kupuliza.

Nikasema haya, mambo yamekwisha, mtaa mzima tuhamie huko. Mke wangu akacheka tena. "Na LUKU ya mama mwenye nyumba?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaopanga sera.

Tanesco wana bei ya watumiaji wadogo. Mwenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na kodi na tozo inafika 122. Wengine wanalipa 292, ambayo ukiongeza kodi inakuwa 356 na senti. Bei ya 122 iliwekwa kwa ajili ya masikini. Kwa bei hiyo nusu uniti ya maharage ni shilingi 61. Shilingi sitini na moja! Hakuna mkaa wala gesi inayosogelea hapo.

Lakini masikini wa Sombetini anaishi wapi? Anaishi chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita au nane, LUKU moja ukutani. Familia sita kwenye mita moja, matumizi yao yakijumlishwa, ni rahisi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo wanalipa bei ya tajiri. Na mwenye jumba lake peke yake, anayesafiri nusu ya mwezi, anaweza kulipa bei ya masikini. Mita inahesabu nyumba, haihesabu watu.

Matokeo yake ni sheria ambazo kila mpangaji anazijua: hakuna pasi baada ya saa mbili, hakuna hita, na marufuku kabisa jiko la umeme. Nyumba niliyopanga kwanza nilipoanza kazi, mama mwenye nyumba alikuwa anapita milangoni kunusa. Simlaumu. Yeye ndiye alikuwa anapatanisha ugomvi wa nani kamaliza umeme. Unaweza ukampelekea yule jirani yangu sufuria la presha la bure kesho, na redio itapata mahali pengine pa kukaa.

Kwa hiyo mimi ningekuwa na mamlaka, kabla ya kugawa mtungi mwingine hata mmoja, ningeshughulikia mita. Kila familia iliyopanga iwe na LUKU yake, au nyumba yenye familia sita ihesabiwe uniti 75 mara sita. Wapo watakaosema watu watadanganya idadi. Sawa, watadanganya. Lakini bei iliyopo sasa inamdanganya masikini kila mwezi.

Sisi kwa sasa tuna LUKU yetu, ndiyo ahueni. Uamuzi ulipitishwa Jumamosi, kura mbili kwa sifuri, maana nilijiunga na upinzani. Tumenunua jiko la gesi la plate mbili la chuma, zito, halina kioo, miguu ina mpira na mikono ya kushikia sufuria ni mipana. Dukani mke wangu alilisukuma kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akaomba sufuria, akaiweka juu, akasonga hewa kwa mwiko aliokuja nao kwenye mkoba! Muuzaji alibaki mdomo wazi. Hilo la ugali na wali na chapati. Sufuria la presha la umeme, lita sita, tumelichukua kwa malipo ya awamu mbili, la maharage na makande. Jiko la mkaa lenye udongo ndani linabaki uani kwa nyama choma, na halivuki kizingiti.

Mtungi tumepima kwenye mizani. EWURA wanawataka wauzaji wawe na mizani, muombe bila kuona haya. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, unaongeza kilo za gesi, unaangalia kama hesabu inakubali. Na kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, hivyo mlango tunaufungua kwanza kabla ya kiberiti, na tundu la hewa nimelitoboa chini ya ukuta, siyo juu.

Loshoro la kwanza limepikwa jana. Mama yangu amekula, akauliza mahindi yameiva lini maana hajasikia harufu ya moshi. Hajaamini mpaka akafunuliwa sufuria. Amesema kesho anamleta yule jirani wa chumba cha tatu aje kuangalia.