Kwani Unataka Kusilimu?

Nilipomwambia mjomba wangu, nyumbani Lyamkena, kwamba naomba nafasi ya kusoma uzamili katika tamaduni za Waislamu, aliweka kikombe cha chai chini taratibu.

"Kwani unataka kusilimu?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa?"

Hilo "sasa" lake halikuniudhi. Mjomba anauza mbao, ana haki ya kuuliza. Lililoniudhi ni kulisikia tena kwa watu wenye vyeti ukutani. Ofisi moja niliyopelekea pendekezo langu ilinijibu kwa upole kwamba mada "ingemfaa zaidi mtu wa Pwani". Yaani mtu wa Makambako asome viazi na misitu, mambo ya Kilwa awaachie wenyewe.

Nakataa, tena nakataa kama msomaji wa fasihi. Mama yangu ni Mkristo wa kweli kweli. Kila mwaka huenda kwenye ibada ya Ijumaa Kuu, akaungama dhambi, akaomba rehema, akarudi na baraka. Hesabu maneno ya Kiarabu katika sentensi hiyo. Ijumaa yenyewe ni siku ya watu kukusanyika kusali! Wamisionari hawakuyaleta maneno hayo kwenye mabegi yao. Waliyakuta ndani ya Kiswahili, yakiwa yameshalainishwa na vizazi vya Waswahili Waislamu. Mama anamwomba Mungu wake kwa lugha iliyolelewa msikitini, na wala hajapungukiwa chochote.

Halafu kuna Majimaji. Mwaka 1905 vita ile ilifika kwetu: misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa. Utenzi mashuhuri wa vita hiyo ni wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, nao ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933. Mwislamu wa Pwani ameandika juu ya vita vilivyoua babu zetu, kwa umbo la ushairi lililokuzwa na visa vya Mtume na vita vya Uislamu wa mwanzo. Sasa mimi niusome vipi utenzi huo bila kujua umbo hilo limetoka wapi? Au nao ni wa "mtu wa Pwani"?

Wengi wanachanganya darasa la uzamili na madrasa. Madrasa inamlea mtoto aamini na aishi vizuri, kazi ya heshima. Uzamili unauliza mengine: nani alinakili hati hii, kwa ajili ya nani, na mstari huu umebadilikaje kati ya nakala moja na nyingine. Pia unauliza wingi. Tunasema "Waislamu" kana kwamba ni kijiji kimoja, wakati Waislamu wengi wa Pwani ni Washafii, masultani wa Zanzibar walikuwa Waibadhi, na Waismaili wana jamatkhana zao. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Mtu anayedhani haya yote ni somo la dini tu hajafungua hata ukurasa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: wageni wameshawahi kuja kuchukua, wakaondoka. Ni kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitoka mwaka 1903 katika kitabu chenye jina la Carl Velten. Tafsiri ya Kiingereza iliyoweka jina la Mtoro mbele ilitoka 1981. Muda wote huo! Lakini dawa ya wizi huo si kumfungia mlango kijana wa Lyamkena, maana mlango huohuo uko wazi London. Kule Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi tangu 2002 inayofundisha uzamili wa tamaduni za Waislamu, kwa Kiingereza. SOAS nako kuna hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sina ugomvi na London. Ugomvi wangu ni kwamba nilimaliza shahada ya kwanza ya Kiswahili bila kusoma hata mstari mmoja kwa herufi ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi, na hakuna aliyeona aibu. Hata mimi sikuona, mpaka siku nilipofungua picha ya hati ya utenzi nikakuta siwezi kusoma jina la mtunzi. Lugha yangu mwenyewe, nimekodoa macho kama mbuzi.

Kwa hiyo nimeanza upya. Pale Makambako mjini kuna mzee fundi cherehani aliyekubali kunifundisha herufi jioni, akishafunga kazi. Aliuliza swali lilelile la mjomba, nikampa jibu lilelile. Akasema, "Haya, kaa," akanichorea alifu kwa chaki yake ya kukatia nguo. Wiki hii tupo kwenye ghaini, na anasema yangu inafanana na ndoano.