Mvua yanyesha, malisho hayaoti: tusilaumu mawingu peke yake

Kila ukame ukibisha hodi Tana River, Ganze, Magarini au Kinango, kauli ni ile ile: mvua imekosekana, serikali ilete chakula. Ni kweli kwamba kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika. Lakini mwisho wa 2023 ilinyesha ya El Nino hadi watu wakahama makwao. Mbona basi baadhi ya malisho yalibaki vipara?

Jibu liko ardhini. Mvua inayonyesha si yote inayonywewa na mimea. Penye nyasi, tone hupokelewa na majani, na mizizi huufungua udongo maji yazame. Nyasi zikiliwa hadi shina, kwato zikaushindilia udongo na miti ikageuzwa makaa, ardhi hufanya gamba gumu juu. Maji hukimbilia mabondeni na rutuba yetu, na yanayobaki hukaushwa na jua. Ndiyo maana wataalamu hupima kilo za nyasi kwa kila milimita ya mvua: viwanja viwili jirani hupata mvua sawa, kimoja kikalisha ng'ombe na kingine kikatoa vumbi. Mbegu na mizizi ikishakwisha, hata msimu mzuri hupita bure.

Hapa asilaumiwe mfugaji pekee. Zamani mifugo ilikwenda bara wakati wa mvua na kurudi kandokando ya mto Tana wakati wa kiangazi, na kila upande ukapata kupumzika. Leo njia hizo zimebanwa na mashamba, nyua na mathenge. Mti huo ulipandwa Bura miaka ya 1980 ili watu wapate kuni. Sasa umesambaa kupita kiasi, mizizi yake huchimbua maji ya chini na vichaka vyake hufukuza nyasi.

Kumwambia mtu apumzishe malisho ilhali ng'ombe wake wana njaa ni kumdhihaki. Kwa hivyo fedha za kaunti zisingoje mizoga. Zinunue mifugo mapema kabla haijakonda, zihifadhi nyasi kavu, zilipe vijana kung'oa mathenge, kuchimba mitaro ya nusu mwezi ya kuzuia maji na kupanda mbegu za nyasi za kienyeji. Nazo jamii zisajili ardhi zao chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, ili wazee wawe na nguvu ya kusema wapi palishwe na wapi pafungwe.

Vikao vya maoni kuhusu bajeti vikiitishwa, tusiulize malori mangapi ya maji yataletwa tu. Tuulize pia ni ekari ngapi zitaweza kuyashika maji ya Mungu yakishuka. Maji yakimwagika hayazoleki.